Normandi Kwenye Boksi la Viatu

Kwa siku tisa nzima baba yule hakufungua friji ya nyumbani kwake mwenyewe. Akitaka maji alikunywa ya bombani, ya uvuguvugu na yenye harufu ya mpira, na akiulizwa alisema koo linamsumbua. Koo lilikuwa zima kabisa. Tatizo lilikuwa karatasi iliyobanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, fomu ya kujiunga na jeshi ya binti yake mkubwa. Binti huyo alikuwa amebakiza miezi miwili tu kutimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo jeshi lilitaka sahihi za wazazi wote wawili. Mama alisaini siku ile ile ya kwanza. Mstari wa baba ulikuwa mtupu mpaka leo, na fomu ilitakiwa irudishwe kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, la sivyo binti angoje mwaka mwingine.

Mpango wa baba ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa aibu: kujifanya hamnazo mpaka saa mbili ipite. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na hofu ilikuwa imempa ujanja wa kitoto usiolingana na mvi zake. Nchi haikuwa vitani, ndiyo, lakini ya mwakani nani ayajue? Mara tatu alikuwa amemkalisha binti na kumwambia jeshi si mchezo, na mara zote tatu binti alimjibu, "Sawa, baba," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri na sasa anasubiri tu wengine wamalize kuongea.

Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, alikuwa ameketi sebuleni akisoma gazeti la juzi, mara wakaja wadogo wawili. Mbele alikuwa Karani, binti wa miaka kumi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kuona mstari mtupu asiujaze. Nyuma yake alikuja Wakili, wa miaka minane, ambaye hakuwa na kazi yoyote ya nyumbani lakini kesi hakuwahi kukosa.

"Baba, mwalimu kasema mzazi asaidie," Karani alisema, akamwekea daftari juu ya gazeti.

Swali lilikuwa moja. Eleza kwa maneno yako mwenyewe uvamizi wa Normandi wa mwaka 1944. Mistari mitano.

Baba alilisoma mara mbili. Mara ya pili uso ukamchangamka, kwa mara ya kwanza tangu fomu ile iingie nyumbani. Uvamizi! Maboti, mizinga, vijana wanaokufa majini kabla hata hawajakanyaga mchanga. Angewaeleza hawa wadogo, na mkubwa asikie bila kuambiwa yeye.

"Dada yenu yuko wapi?"

"Anapiga pasi chumbani."

"Mwambieni alete pasi yake hapa. Hapa kuna mwanga mzuri."

Dada akaja na meza ya pasi na kapu la nguo za wiki. Akautazama huo mwanga mzuri, akamtazama baba yake, akachomeka waya ukutani. Alimjua mzee wake nje ndani.

"Haya," baba alianza, akakohoa kama mtu anayehutubia mkutano. "Mwaka huo Ufaransa ilikuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani, mwaka wa nne huo. Waliotaka kuwatoa, Waingereza, Wamarekani, Wakanada na wenzao, walikuwa ng'ambo, Uingereza. Katikati kuna mlango wa bahari. Sasa watavukaje?"

"Kwa daraja," Wakili alisema.

"Hakuna daraja."

"Wajenge."

"Wakijenga watapigwa risasi, mwanangu. Adui yuko ng'ambo anawatazama."

"Kwa hiyo wakaona bora wapigwe risasi wakiwa kwenye boti?"

Dada alikuwa ameyainamia mashati yake, lakini mabega yalimtikisika kidogo.

"Baba, hilo la daraja niandike?" Karani aliuliza, kalamu juu.

"Usiandike chochote bado! Sikilizeni kwanza. Walivuka usiku, kuamkia Juni tarehe sita. Walitaka kwenda siku moja kabla, bahari ikachafuka, wakaahirisha. Hata siku yenyewe mawimbi yalikuwa makubwa, vijana wakatapika njia nzima..."

"Walitapikia wapi?"

"Mifukoni. Kwenye kofia zao. Popote."

"Halafu wakazivaa?"

"Wakili!"

"Nauliza tu, baba. Si umesema tusikilize?"

Ilikuwa kazi ya kumpigia mbuzi gitaa. Kila baba alipokaribia kifo, Wakili alimpiga chenga akamrudisha kwenye matapishi, chakula, au choo cha melini, ambacho baba hakujua kilikuwa upande gani na alilazimika kukiri hivyo. Karani naye alitaka mistari yake mitano tu akacheze. Huko ghalani alikofanya kazi, watu wazima thelathini, wengine wenye vifua kama milango, walinyamaza akinyanyua kidole, na hapa alishindwa na mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu.

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na boksi la viatu. Kwa kisu cha jikoni alichana upande mmoja mfupi wa boksi, ukawa unaanguka kwa mbele kama mlango.

"Hili ndilo boti la kushushia askari. Chini bapa, ili lifike mpaka kwenye maji ya magotini. Mlango uko mbele. Leteni vile vizibo vyenu vya soda, ndio askari. Viberiti ndio malori. Pakieni wenyewe, tuone."

Hapo ndipo alipojiponza. Wakili alimimina vizibo ndani kwa mkupuo mmoja, akajaza viberiti juu yake, akabana kingine kwa nguvu mlangoni mpaka boksi likavimba ubavu, na baba hakuweza kuvumilia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msimamizi wa upakiaji, yule anayesimama kwenye mlango wa ghala na orodha mkononi akiamua nini kinaingia kwenye lori na kwa zamu ipi. Mzigo uliopakiwa hovyo ulimkera kuliko matusi.

"Simama! Simama hapo hapo! Ukifika pwani, nani anatoka kwanza?"

"Lori."

"Na askari?"

"Wako nyuma ya lori. Wamejificha. Ni salama zaidi."

"Na hilo lori litapitaje kama hakuna aliyelisafishia njia? Toa vyote. Toa! Cha mwisho kutoka kinaingia kwanza. Cha kwanza kutoka kinaingia mwisho. Meli nzima inapakiwa kinyumenyume, kuanzia mwisho wa safari mpaka mwanzo wake, na ukikosea zamu moja tu, umekwama na adui anakupiga."

Akamwaga vyote mezani, akavuta kiti, akaanza kupanga. Na alivyopanga! Malori ya chakula ndani kabisa, kisha ya petroli na ya risasi, kisha wahandisi wa kutegua mabomu, kisha askari wa miguu mlangoni. Akawaeleza namna injini zilivyofunikwa kwa grisi na mipira ili zisinywe maji ya chumvi. Akawaeleza kuwa vyombo vilivyovuka vilikaribia elfu saba, na kila kimoja kilikuwa na saa yake na mahali pake, na watu zaidi ya laki moja na nusu walifika upande wa pili kwa siku hiyo moja. Sauti ilishaacha kukemea. Kidole kilikuwa kinacheza mezani chenyewe.

"Na kwa kuwa bandari za kule zilikuwa mikononi mwa adui," alisema, "walikwenda na bandari yao."

"Waliibeba bandari?"

Aliyeuliza alikuwa Dada. Pasi ilikuwa imesimamishwa wima na shati limeachwa na mkono mmoja umenyooka na mwingine una makunyanzi.

"Mbili! Vipande vya zege, vikubwa kama majengo, vikakokotwa baharini na kuunganishwa kule kule. Moja ikavunjwa na dhoruba baada ya wiki mbili. Wakaendelea kushusha mzigo mchangani, hivyo hivyo."

"Na petroli? Naona umeiweka kando ya risasi."

"Nafasi ndogo."

"Likipigwa hilo, vyote vinaondoka."

"Ndiyo maana unagawa. Mafuta kidogo kwenye kila boti, risasi kidogo kwenye kila boti. Likizama moja, hujakosa kitu kizima."

"Kama zile dawa za hospitali mlizozigawa kwenye malori matatu, mwaka ule mto ulipofurika."

Baba akamtazama. Habari ya dawa zile aliisimulia mara moja tu, mezani, miaka mitano iliyopita, na alikumbuka vizuri kwamba siku ile kila mtu alikuwa akitazama sahani yake.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai, hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Baba watoto, hilo si boksi la viatu vyangu vipya?"

"Nitakununulia boksi."

"Boksi haliuzwi. Vinauzwa viatu."

"Basi nitanunua viatu!"

"Karani, hiyo iandike, ataikana huyu," mama alisema, na watoto wakaangua kicheko. Kisha akanywa funda la chai, akalitazama boksi lile lilivyopangika. "Mimi nilidhani unawatisha. Kumbe unawafundisha kazi."

Akarudi jikoni. Baba alibaki na kiberiti kimoja mkononi, damu ikimpanda kichwani. Mwanamke yule alikuwa ameusoma mpango wake wote, kuanzia pasi mpaka mwanga mzuri, na mbaya zaidi alikuwa amesema kweli. Nusu saa nzima alikuwa akimtangazia jeshi binti yake, tena bila malipo.

"Haya, kicheko basi," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Boti limefika. Mlango unaanguka."

Akauangusha. Akaweka vitabu vitatu vya shule mbele yake kuwa mlima wenye bunduki, akaanza kuvipiga vizibo kwa ncha ya kidole, kimoja baada ya kingine, vikaruka na kulia sakafuni.

"Huyu kafa. Huyu kafa. Huyu hakupigwa risasi, kazamishwa na mzigo wa mgongoni mwake. Huyu alikuwa anamvuta mwenzake, wamekufa wote wawili. Zaidi ya elfu nne, siku moja, na hao ni wa upande wa wavamizi peke yao. Watoto wa watu! Wengine walikuwa wametoka shule juzi!"

Alisema huku akimtazama Dada. Dada alikuwa anatazama vizibo.

Wakili alishaingia chini ya meza kuviokota. "Sasa wafufuke, turudie," alisema kutoka huko. "Safari hii lori liende mbele, mimi naona..."

"Hawafufuki!"

Baba alipiga meza kwa kiganja. Viberiti viliruka, kalamu ya Karani ikateleza na kuchora mstari mrefu mweusi uliokatiza ukurasa mzima, pamoja na mistari miwili aliyokuwa ameshaandika kwa mwandiko wake bora. Karani akautazama ule mchoro, akaanza kulia bila sauti. Wakili akabaki chini ya meza. Baba alitamani kuwaomba radhi na alitamani kupiga meza tena, yote kwa pamoja. Alikuwa amemlenga mmoja, amewapata wawili wasiohusika, na yule aliyelengwa alikuwa mzima, anachomoa waya wa pasi ukutani kwa utulivu ili nguo zisiungue.

Dada akaja, akapiga magoti, akaokota vizibo viwili vilivyobaki karibu na mguu wa kiti. Akaviweka mezani.

"Baba, wale wa mlangoni walipangwa na nani?"

"Walipangwa na wakubwa."

"Namaanisha pale pale. Siku ya kupanda."

"Kuna mtu wa orodha. Anasimama gatini na karatasi, anaita, wao wanapanda."

"Anaita kwa zamu gani?"

"Si nimekwisha sema? Kwa zamu ya kutoka. Anayeitwa mwisho ndiye..."

"Na yeye mwenye orodha, anapanda?"

"Wapo waliopanda. Wapo waliobaki."

"Mtu wa kazi kama yako."

"Mimi napanga magunia ya mbolea!"

"Najua, baba. Sikutukani. Nimeuliza kwa sababu nataka kujua."

Baba aliinuka, koo limekauka kweli kweli sasa. Akaenda jikoni moja kwa moja, akampita mama aliyekuwa akiosha vikombe, na bila kufikiri akashika mpini wa friji. Fomu ilikuwa usawa wa macho yake. Ukiweka macho umbali huo na maandishi, yanasomeka utake usitake. *Kitengo unachopendelea. Chaguo la kwanza:* ugavi. *Chaguo la pili:* ugavi. *Chaguo la tatu:* ugavi.

Akaing'oa, sumaku ikaanguka na kubingirika chini ya friji. Akarudi nayo sebuleni.

"Hukuniambia!"

"Iko pale siku tisa, baba. Nilidhani umeisoma, ndiyo maana umenuna."

Mtu huyu huyu, huko ghalani, aliwarudisha madereva kilomita arobaini kwa sababu ya namba moja isiyosomeka kwenye hati ya mzigo. Watu walimwita Bwana Soma-Kwanza, wengine kwa heshima, wengine kwa uchungu. Na karatasi ya damu yake mwenyewe hakuisoma hata herufi moja, kwa kuwa aliona asipoisoma haitakuwepo.

"Wamekupa nafasi tatu, umezijaza kitu kimoja?"

"Sijui kitu kingine. Umetulea kwa habari za paleti na maturubai."

"Ugavi nao hufa," alisema. "Malori hulengwa kuliko watu."

"Najua. Umetuambia sasa hivi."

Kumbe miaka yote aliyodhani anaongea na ukuta, kulikuwa na mtu anasikiliza, na mtu huyo ndiye sasa anayeondoka kwa sababu ya kusikiliza. Ilimuuma. Ilimfurahisha pia, na hiyo furaha ndiyo iliyomkasirisha zaidi, maana hakuiomba na hakujua aiweke wapi. Akamvuta Karani ubavuni, akamfuta machozi kwa kiganja, akamwambia ukurasa utaandikwa upya na baba mwenyewe atapiga mistari kwa rula. Akamwambia Wakili atoke chini ya meza, hakuna wa kumla. Kisha akasogeza boksi kando, akaketi, akaitandaza fomu mbele yake, akaisoma kama anavyosoma za kazini, kidole kikitembea chini ya kila mstari.

Ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Hapa pana pengo."

"Wapi?"

"'Mtu wa kujulishwa endapo mwombaji ataumia au kufariki.' Hujajaza. Mimi sisaini karatasi yenye pengo." Na moyo ukamruka, kwa sababu hapa palikuwa na sababu halali kabisa. Karatasi ina kasoro, irudi ilikotoka, mwakani tutaona.

"Sikusahau," Dada alisema. "Nilimpa mama ajaze. Mama alisema atasaini popote nitakapo, lakini mstari huo hauwezi."

Jikoni, vikombe vilikuwa vimeacha kugongana.

Baba aliutazama mstari ule. Ulikuwa mfupi, jina na namba ya simu, basi. Muda si mrefu uliopita alikuwa ametamka elfu nne kama mtu anayehesabu mifuko, akivirusha vizibo kwa ncha ya kidole, na hakuwa amefikiria kwamba kila mmoja wa wale alikuwa na mtu wake aliyeandikwa mahali, na kwamba habari ilipofika ilimkuta mtu huyo akifanya kitu fulani nyumbani kwake.

Akachukua kalamu ya Karani. Akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, kama anavyoandika kwenye makasha. Akaandika namba yake ya simu, kisha namba ya ghalani. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasaini upesi, amekunja uso, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo chini ya herufi ya mwisho.

Dada alinyoosha mkono kuichukua. Baba hakuiachia. Akairudisha ukurasa wa pili, akainama karibu kabisa, na pembeni mwa mstari ule, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kutosha, akabana maneno mengine madogo: *Nipo baada ya saa kumi na mbili jioni. Jumapili siku nzima.*

Binti alisoma juu ya bega lake.

"Baba, hawaulizi saa."

"Najua hawaulizi," alisema. "Lakini waje nikiwepo. Wasije wakamkuta mama yako peke yake."